Usimchagulie Mtoto Mkoa

Mama mwenzangu uliye na mtoto aliyesoma na bado anatafuta kazi, kaa hapa karibu nikuonye. Najua utacheka. Hata mimi hucheka nikiosha vyombo mpaka povu linaniingia puani. Lakini jambo lenyewe lilikuwa zito, maana nilibakisha kidogo tu, kwa mkono wangu huu huu, nimnyime binti yangu kazi aliyoingoja miaka mitatu.

Mimi naitwa Peres. Naishi nyuma ya Dagoretti Corner, na kazi yangu ni ya nyumba, huko Kileleshwa, kwa mama mmoja Singasinga anayeitwa Harleen. Ana duka la miwani Hurlingham. Mimi humwita Mama Simran kwa jina la binti yake, naye huniita Mama Namalwa kwa jina la wangu. Kwa hivyo mle jikoni hakuna Harleen wala Peres, kuna mama wawili tu wanaobishana juu ya chumvi.

Namalwa ndiye mtoto wangu wa pekee. Baba yake, Wesonga, alituacha yeye akiwa darasa la pili, Mungu amlaze pema, na tangu siku hiyo mimi humhesabu huyu mtoto kama mtu anayehesabu kuku jioni, ingawa kuku ni mmoja. Alisomea ustawi wa jamii, upande wa watoto. Watu wakiniuliza hiyo ni kazi gani, mimi husema ni kazi ya kujua mtoto yupi anapigwa, yupi halishwi, yupi ameachwa, halafu unaingia katikati bila kupigwa wewe. Amemaliza chuo miaka mitatu sasa. Amepeleka karatasi zake kila ofisi ya mji huu mpaka viatu vikaisha kisigino upande mmoja. Wakati huo wote alikuwa akijitolea katika makao ya watoto hapa kwetu, kwa nauli na sahani ya githeri.

Mwaka huu shirika moja kubwa la watoto likatangaza kazi. Maafisa wa watoto, nchi nzima, mikoa minane. Siku hizi tuna kaunti, lakini shirika hilo bado linagawa nchi kwa mikoa yake lenyewe, karibu kama ile ya zamani. Kila mwombaji alitakiwa kuchagua mikoa mitatu, aanze na ule anaoupenda zaidi.

Namalwa akaandika yake kwa karatasi. Nilipoisoma nilikaa chini. Wa kwanza, Kaskazini, yaani Marsabit. Wa pili, Bonde la Ufa, na kando ameandika Turkana. Wa tatu, Pwani, na si Mombasa ya watu, ni Tana River.

"Kwani Nairobi imekukosea nini?" nikamuuliza.

"Mama, Nairobi inatakwa na kila mtu. Watoto wa Marsabit wanatakwa na nani?"

"Na mama zao."

Akacheka. "Hilo jibu lako ni kali. Lakini naenda."

Alikuwa amewahi kukaa Marsabit miezi minne, wakati wa mafunzo ya kazi akiwa chuo. Mimi miezi hiyo minne sikulala upande mmoja. Nilikuwa naiona Marsabit kichwani: jua, mchanga, na binti yangu amekaa juu ya sanduku peke yake, midomo imepasuka. Kukanyaga sijawahi. Lakini nilikuwa naiona.

Siku ya mwisho ya kutuma fomu ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Asubuhi hiyo mtoto mmoja wa makao aliitwa mahakamani Milimani, na Namalwa ndiye aliyetakiwa kumshika mkono. Mahakamani simu huzimwa. Akanipa flashi yenye barua yake na vyeti, akanipa na ile karatasi ya mikoa.

"Mama, peleka kwa Kitonga. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Nikasema ndiyo. Na mama mwenzangu, nilikuwa namaanisha. Nakuapia nilimaanisha mpaka nilipofika kwa mlango wa saiba, kile kiduka cha kompyuta.

Kitonga ndiye hutujazia fomu sisi sote pale Corner. Za kitambulisho, za kodi, za shule, hata za talaka. Anachapa kwa vidole viwili, mbiombio, kama kuku anayedonoa mtama wa jirani.

"Haya, mathe. Mkoa wa kwanza?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaikunja. Nikaikunja tena.

"Nairobi," nikasema.

"Wa pili?"

"Nairobi."

Akabonyeza. Kukatokea maandishi mekundu. "Imekataa. Inataka mikoa tofauti."

"Basi Kati."

"Wa tatu?"

"Kati tena haiwezi?"

"Mathe!"

"Haya, Magharibi. Kwa nyanya yake."

"Namba ya simu? Kuna namba ya siri itatumwa, tukikosa kuiweka hapa fomu haiendi."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na dakika arobaini, na simu ya Namalwa imezimwa. "Weka yangu."

Simu ikalia kifuani, tukaweka ile namba ya siri. Halafu Kitonga akafungua ile barua kwa flashi kuona kama ndiyo yenyewe. Kurasa mbili za Kiingereza. Zikapita mbele ya macho yangu kama harusi ya watu wengine.

"Niiweke hivi ilivyo?"

"Weka."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi! Nilinunua yai la kuchemsha na kachumbari nikalila nimesimama, nikicheka peke yangu. Nilijisikia kama mtu aliyeiba sadaka na bado akabarikiwa.

Namalwa aliporudi akaniuliza, "Umetuma?"

"Nimetuma."

"Vile niliandika?"

"Kitonga ndiye ameandika."

Ona hapo. Kila neno ni la kweli, na bado ni uongo. Nikamwambia pia kwamba namba iliyowekwa ni yangu. Akakunja uso kidogo. "Sawa. Lakini wakipiga, usiongee. Wape namba yangu."

Nikasema ndiyo tena. Siku hizo ndiyo yangu ilikuwa rahisi sana.

Wiki tano nilizunguka na simu kifuani. Nilienda nayo bafuni, nilienda nayo kanisani, ikitetemeka nami natetemeka. Siku moja nikiwa napiga deki ikalia namba nisiyoijua, nikaruka, nikashika, nikasema kabla ya salamu, "Ndiyo, yuko tayari kuanza kazi!"

Mwanamume akasema, "Mama, mimi nauza bima ya mazishi."

Mama Simran alicheka siku hiyo mpaka akasahau kwenda dukani.

Basi ikaja Jumanne. Nilikuwa nakanda unga wa chapati, umenifika kwenye viwiko. Simu iko mezani, ikalia. Mama Simran akanibonyezea, akaiweka kwa spika, akarudi kwa chai yake.

"Halo, naongea na Namalwa Wesonga?" akauliza mwanamke.

Mama mwenzangu, maneno yalikuwa rahisi. Hapana, mimi ni mama yake, mpigie kwa namba hii. Mtoto wa nasari angeyasema. Lakini kichwa kilianza kuzunguka, nikaona huyu mama wa shirika akikata hatapiga tena, na miaka mitatu itarudi mwanzo.

"Ndiye mimi," nikasema, kwa sauti nyembamba ya msichana wa kwaya.

Mama Simran akaweka kikombe chini.

"Namalwa, naitwa Madam Kaindi, niko kwa kamati ya intavyuu. Mbona sauti hivyo, uko salama?"

"Ni homa kidogo, Madam."

"Pole. Nina jambo moja linanisumbua. Fomu yako inasema Nairobi, Kati, Magharibi. Lakini barua yako, kurasa mbili nzima, inaongea juu ya Kaskazini. Umeandika hapa kwamba ungependa kurudi Marsabit kabla mvua hazijaanza. Sasa tushike lipi?"

Barua! Jasho likanitoka mpaka kwenye unga. Nilibadilisha fomu, lakini barua ilikuwa imeenda na maneno yake.

"Hiyo barua," nikasema, "niliandika nikiwa na malaria."

"Malaria."

"Kali sana."

"Imepangika vizuri kwa mtu wa malaria."

"Ilikuwa ile ya kupanda na kushuka. Niliandika ikiwa imeshuka."

Mama Simran alichukua kitambaa cha vyombo akakiuma.

"Haya," Madam Kaindi akasema, pole pole. "Nikuulize kitu kimoja tu. Umeletewa mtoto wa miaka mitatu, ameokotwa stendi. Halii, haongei. Unaanzia wapi?"

"Uji."

"Uji?"

"Usiwe moto. Halafu unaangalia viatu vyake. Kamba zikiwa zimefungwa vizuri, huyo kuna mtu anamtafuta sasa hivi, mrudishe haraka pale pale alipookotwa."

"Halafu?"

"Halafu unajaza fomu."

"Fomu gani?"

"Ile ndefu."

Nikasikia kama mtu anakohoa, ama anacheka ndani ya mkono. "Sawa. Kwa hivyo nikuweke Nairobi?"

"Nairobi!"

"Basi uje kesho kutwa, Alhamisi, saa tatu, ofisi yetu ya mjini, na kitambulisho. Na ujue kabisa, Nairobi mmeitwa watu mia tatu na kumi na wawili kwa nafasi mbili. Kaskazini wameitwa tisa kwa nafasi saba. Kunywa dawa, Namalwa."

Akakata.

Mimi nilicheza. Nilicheza na unga wangu mikononi, nikazunguka meza, nikaacha alama za vidole kwa friji, kwa mlango, kwa bega la Mama Simran. "Ameitwa! Alhamisi! Nairobi! Ameitwa!" Naye alikuwa amekaa kwa stuli akilia kwa kicheko. "Niliandika ikiwa imeshuka!" alikuwa akirudia. "Wewe mwanamke! Ikiwa imeshuka!"

Halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akajifuta macho.

"Mama Namalwa. Ulisoma mpaka darasa gani?"

"La nane. Sikuendelea."

"Inatosha. Piga hesabu. Watu mia tatu na kumi na wawili, nafasi mbili."

Nikaandika kwa kidole juu ya unga mezani. "Mia moja hamsini na sita kwa kila nafasi."

"Na Kaskazini?"

Sikuwa na haja ya kuandika. Wanaingia tisa, wanaachwa wawili tu. Nikatazama ule unga, na ile furaha ikanitoka kama maji kwa ndoo iliyotoboka.

"Na si hiyo tu," akasema. "Umejifanya yeye. Kuna msichana alikuja kutaka kazi dukani kwangu, kumbe aliyeongea na mimi kwa simu ni dada yake. Nilimrudisha mlangoni. Wakijua, hawatamwuliza Namalwa ni nani aliyeongea. Watalifuta jina lake."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ndiye unaniuliza? Enda kwa mwenye jina. Chapati nitapika."

"Wewe?"

"Hata zikiungua tutakula. Enda!"

Nilimkuta Namalwa uani kwa makao, anakata watoto kucha. Kila Jumanne huwapanga kwa benchi, wanaingia mmoja mmoja, mkono mmoja halafu mwingine. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale pale. Mikoa, karatasi niliyokunja, sauti ya kwaya, malaria, mia tatu na kumi na wawili. Hakunikatiza. Alimaliza vidole vyote kumi vya yule mtoto, akampuliza mikono, akamwambia, "Enda ucheze."

Kisha akasema, "Ati nilikuwa na malaria."

"Ya kupanda na kushuka."

Mdomo wake ukacheza upande mmoja. Nikafurahi, nikajua sasa atacheka, yameisha. Hakucheka.

"Mama, unajua wazazi wanaoitwa hapa huniambia nini? Yule aliyemfungia mtoto nyumbani mwaka mzima. Yule aliyemtoa shule akamficha kwa shangazi. Wote ni neno moja. Nilikuwa naogopa, nampenda."

Nikatazama zile kucha zilizokatwa chini.

"Na huwa ni kweli," akasema. "Huwa wanawapenda kabisa. Hapo ndipo kazi inakuwa ngumu."

Ningependa anitukane. Akachukua simu yangu, akapiga ile namba mara nne. Haikushikwa. Jumatano yote haikushikwa. Jioni akanirudishia simu, akasema, "Kesho tunaenda wote."

"Nikakuombee msamaha?"

"Ukaseme ulichofanya. Hiyo tu."

Alhamisi tukashuka mjini mapema. Foleni ya Nairobi ilikuwa imetoka ofisini ghorofa ya sita, ikashuka ngazi, ikatoka mlangoni, ikakunja kona. Vijana na faili zao, suti za kuazima, akina dada wamevaa raba na viatu vya kisigino wameshika mkononi. Tuliwapita wote tukipanda. Kila ngazi nilisema moyoni, hapa ndipo nilipomweka mtoto wangu. Hapa. Na hapa tena.

Juu kulikuwa na askari wa mlango. "Nairobi ni foleni ile. Kaskazini ni hapa ndani, viti viko."

"Naomba kuona kamati kwanza," Namalwa akasema.

"Unaitwa nani? Wesonga? Madam, wewe uko Nairobi. Rudi chini."

"Kuna kosa kwa fomu yangu, na ni lazima—"

"Kila mtu ana kosa kwa fomu. Rudi chini, usiniharibie asubuhi."

Nilikuwa nimeapa kutofungua mdomo mpaka niulizwe. Lakini mdomo ukafunguka. "Kijana, mwambie Madam Kaindi kwamba malaria imefika."

"Nini?"

"Mwambie hivyo tu. Malaria imefika, iko hapa mlangoni."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kuita mwenzake. Akaingia. Tukasikia kicheko cha mwanamke, kikubwa, cha mtu mnene. Askari akatoka. "Waingie wote wawili, amesema."

Madam Kaindi hakuwa mnene hata kidogo. Alikuwa mama mdogo mkavu, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Kando yake alikaa bwana mmoja wa tai, kibao chake kimeandikwa Mungai, na huyo hakuwa anacheka.

"Nilijua kwa neno la kwanza," Madam Kaindi akasema, akinitazama. "Msichana wa miaka ishirini na sita hasemi 'usiwe moto' vile ulisema wewe."

Nikaeleza. Niliongea nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule, sikuficha hata lile yai la kuchemsha.

Bwana Mungai akafunga faili. "Fomu ina uongo, na mtu amejifanya mwingine kwa simu. Sheria yetu iko wazi. Jina linatoka."

Namalwa akasema, "Una haki, bwana."

Nikamgeukia. Una haki? Una haki!

"Ngoja, Bwana Mungai," Madam Kaindi akasema. "Huyu dada amekuja na kesi mkononi. Tumsikie akiifanya. Namalwa, mzazi amedanganya ofisi kuhusu mtoto wake. Toa ripoti. Mama, wewe keti, na nyamaza."

Nikaketi. Namalwa akanyoosha sketi, akaweka mikono mapajani, na akaanza kunisema mbele yangu kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Mzazi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja. Mjane, mtoto mmoja. Alipewa karatasi ya mikoa mitatu, akaibadilisha yote. Alijua anachofanya. Aliulizwa kama yeye ni mwombaji, akasema ndiye. Alijua anachofanya."

Mama mwenzangu, hakuna kofi kama hilo. Na lilikuwa kweli, herufi kwa herufi.

"Siku hiyo hiyo," akaendelea, "alikuja kusema mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mikono yake ilikuwa bado na unga mpaka kwenye viwiko."

"Unga unahusu nini kwa ripoti?" Bwana Mungai akauliza.

"Unaonyesha hakungoja, bwana. Alitoka Kileleshwa mpaka Corner bila kunawa."

Bwana Mungai akafungua faili tena. Akaandika kitu.

"Hatari iko?" Madam Kaindi akauliza.

"Iko. Akiachwa na fomu, atarudia."

"Sirudii!" nikasema.

"Mama!" wakasema wote watatu.

"Pendekezo?"

"Mwombaji ajaze fomu zake mwenyewe. Yeye pia ana kosa. Fomu ilikuwa wazi wiki tatu, yeye akaiacha mpaka siku ya mwisho, akampa mtu mwingine kazi iliyokuwa yake. Pendekezo la pili, mzazi asifukuzwe. Aambiwe mambo mapema, yote, hata kama atalia. Mama aliniuliza kwa nini nataka kuenda Kaskazini, na mimi nikamjibu kwa mzaha, kwa sababu niliona hataelewa. Sikumpa nafasi ya kuelewa."

"Basi tupe sisi," akasema Bwana Mungai. "Kwa nini Kaskazini?"

"Nilipotoka Marsabit niliacha faili kumi na nne. Afisa aliyekuwa ananifundisha alikuwa anastaafu mwezi huo. Hakukuwa na wa kuzifungua baada yetu. Watoto kumi na wanne. Nawajua kwa majina, na najua nani alikuwa amefikia wapi."

Bwana Mungai akaandika tena, muda mrefu. Kwa mara ya kwanza nikaona binti yangu hakuwa amekaa juu ya sanduku mchangani. Alikuwa na kazi aliyoiacha katikati, kama mimi na chapati zangu.

"Mama, wewe utusubiri nje," Madam Kaindi akaniambia. "Sasa ndiyo intavyuu inaanza."

Nje nikakaa na watu wa Kaskazini. Walikuwa wanapitisha mfuko wa njugu. Kijana mmoja akaniuliza kwa heshima, "Mama, na wewe umeomba?"

"Mimi yangu nilifanya kwa simu," nikamwambia. "Sikufaulu."

Namalwa alikaa mle ndani dakika hamsini. Alipotoka hakusema kitu, mimi nami sikuuliza, na kutoka pale mpaka Dagoretti Corner sikuuliza, ingawa nilitoka jasho la kutouliza.

Siku tisa zikapita. Namba waliyokuwa nayo sasa ilikuwa yake. Nilimwona akiitazama simu na nikatazama ukuta.

Jumamosi nilikuwa naanika nguo. Akatoka nyumbani, simu mkononi, na nikajua amesoma na kusoma tena, maana hakuwa anakimbia.

"Mama. Nimepata. Kaskazini, ofisi ya Marsabit. Naripoti tarehe mosi."

Kigelegele kilichonitoka sikukipanga. Kilitoka chenyewe, kikapita juu ya mabati, mbwa wa ploti wakabweka. Jirani yetu Awuor akachungulia dirishani na rola za nywele kichwani.

"Mama Namalwa! Kumezaliwa?"

"Kumeajiriwa!"

"Ehh! Wapi?"

"Marsabit!"

"Marsabit? Na unapiga kigelegele?"

"Napiga! Na wewe piga, unangoja nini?"

Akapiga. Wa ploti ya pili wakajibu bila kujua wanajibu nini. Nikamshika Namalwa tukazunguka kati ya shuka zilizolowa mpaka kizunguzungu kikatuangusha kwa ukuta.

Halafu, tukiwa tunapumua, yale maswali yangu yakapanda. Nani atampikia. Maji. Akiugua. Mlango una kufuli gani. Yalikuwa kama arobaini, yote yako kooni, yote yana sauti ya mtu anayetaka aambiwe haendi. Nikayameza. Nikauliza lile ambalo kwa miaka yote sikuwahi kuliuliza.

"Huko kukoje?"

Akanitazama kuona kama ni mtego. Akapindua ndoo akakalia.

"Kuna baridi, Mama."

"Baridi? Marsabit?"

"Mji wenyewe uko mlimani. Asubuhi huoni jirani, ni ukungu tu. Watu wanatembea na majaketi."

"Wewe!"

"Na kuna msitu. Kuna mama alikuwa ananipa chai ya maziwa mengi, anaweka na iliki, alikuwa anasema mimi ni mwembamba, kwani kwetu hakuna mama?"

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Nikamwambia yuko, na ana mdomo kumshinda."

Nikaacha shuka ndani ya beseni, nikavuta jiwe, nikakaa. "Endelea," nikasema. "Anza na hao kumi na wanne."